Sita au tisa? Kelele inavyoiteka neva ya kusikia

Swali: "Nina kibanda cha chai na chapati hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni. Nyuma yangu kuna mashine ya kusaga mahindi. Nyumbani usiku nasikia hata panya akipita darini. Kazini sauti ya mteja naisikia, lakini maneno hayashikiki. Juzi dereva alisema elfu sita, mimi nikasikia elfu tisa, na tulikwaruzana mbele ya watu. Nimepimwa hospitali wakaniambia masikio ni mazima. Lugha yangu ya nyumbani ni Kiteso, Kiswahili nimekijulia kazini. Je, tatizo liko sikioni au kichwani? Na hiyo kelele inafanya nini hasa huko ndani? Nikiziba masikio si nitakuwa kiziwi kabisa mbele ya wateja?"

Jibu:

Dada yangu, hiyo habari ya sita na tisa ndiyo iliyonishika, maana imebeba sehemu kubwa ya yale ninayowafundisha wanafunzi wangu kuhusu neva ya kusikia, ule mkusanyiko wa nyuzi unaopeleka ujumbe wa sauti kutoka sikioni hadi ubongoni. Nitaifikia. Ila kwanza nikutoe wasiwasi: wewe hukosei, na hospitali nao hawakukosea. Kipimo walichokufanyia hufanywa kwenye chumba kimya. Unavishwa vipokea sauti, unapigiwa mlio mmoja mmoja, mara mzito mara mwembamba, na unabonyeza kitufe kila unapousikia. Kinachotafutwa ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio lako linaweza kuinasa. Wewe hujalalamikia sauti ndogo. Dereva amesimama mbele yako, anapaza sauti, unamsikia, na bado neno linakuponyoka. Hilo ni jambo jingine, na neva ileile ina nyuzi nyingine za kulishughulikia.

Njia ya sauti nitaipita haraka. Inagonga kiwambo cha sikio, inapokewa na vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, halafu inaingia kwenye koklea, kijumba kilichojikunja kama cha konokono na kujaa majimaji. Ndani yake umetandazwa utando wa urefu wa milimita 35 hivi. Sauti nyembamba huutikisa pale mlangoni, sauti nzito huutikisa kule mwisho ndani kabisa. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha mwendo huo wa wimbi. Juu ya utando zimejipanga seli zenye vinyweleo. Zile za nje ni kama 12,000, na kazi yake kubwa ni kuukuza mtikisiko uliofifia. Za ndani ni kama 3,500, na hizo ndizo zinazozungumza na neva. Neva ya binadamu ina nyuzi zipatazo 30,000 kwa kila sikio. Karibu zote zimeshikamana na seli za ndani, kila uzi na seli yake moja, lakini seli moja hushikwa na nyuzi kama kumi hivi.

Kwa nini seli moja ihitaji wasikilizaji wote hao? Hapo ndipo jibu lako linapoanzia.

Uzi wa neva haujui kupaza sauti wala kunong'ona. Unajua kupiga au kutopiga, mpigo mfupi wa umeme, na mipigo yote ina ukubwa uleule. Sauti ikiongezeka, kinachoongezeka ni idadi ya mipigo kwa sekunde. Mwaka 1965 Nelson Kiang na wenzake, huko Massachusetts, walichapisha kazi ambayo wengi wetu bado tunaanzia nayo. Walikuwa wamewalaza paka kwa dawa, wakachomeka ncha nyembamba mno katika neva ya kusikia na kufuatilia uzi mmoja baada ya mwingine. Nyuzi nyingi hazikuwa zikinyamaza hata katika ukimya mtupu. Zilikuwa zikipiga tu, makumi ya mara kila sekunde, bila kuitwa na sauti yoyote. Mwaka 1978 Charles Liberman, naye kwa paka, akazipanga kwa mafungu. Kama 60 katika kila 100 hupiga zaidi ya mara 18 kwa sekunde wakati wa ukimya. Kama 15 katika 100 ziko karibu kimya kabisa, hazifikishi hata mpigo mmoja kwa sekunde mbili. Zilizobaki ziko katikati.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Nyuzi zile zenye kupigapiga nitaziita nyepesi, kwa kuwa huamshwa na sauti ndogo sana. Panya wako wa darini anasikika kwa hizo. Lakini wepesi huo una gharama: sauti ikiongezeka kwa desibeli 30 hivi tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), uzi mwepesi umeshafika mwisho wa uwezo wake, hauwezi tena kuongeza mipigo. Sikio lote kwa jumla hubeba tofauti ya kama desibeli 120, kutoka sauti inayosikika kwa shida hadi ile inayoumiza. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliosimama mita moja mmoja kwa mwenzake ni kama desibeli 60. Maana yake, watu wakiongea kawaida tu, nyuzi nyepesi nyingi zimekwisha kujaa. Hapo ndipo zinapoingia zile za kimya, nitaziita nyuzi ngumu. Zinachelewa kuamka, lakini zikiamka huendelea kupambanua kubwa na kubwa zaidi mahali ambapo nyepesi zimenyoosha mikono.

Sasa turudi kwenye kipimo cha hospitali. Kwa kuwa kinatafuta sauti ndogo, kinaongea na nyuzi nyepesi peke yake, na hata hizo hakihitaji nyingi. Mwaka 1955 Harold Schuknecht na mwenzake walionyesha kwamba paka anaweza kupoteza hata robo tatu ya nyuzi za neva, na bado akasikia milio midogo karibu sawa na zamani. Nikisoma karatasi ya kipimo kilicho sawa, najua seli zako za nje zinafanya kazi vizuri na neva inapitisha ujumbe. Nyuzi ngapi zimebaki, na za aina gani, karatasi hiyo hainiambii.

Twende kibandani kwako. Mashine ya kusaga imewashwa.

Watu husema kelele "inafunika" sauti, kama vile blanketi lililotupwa juu ya sufuria. Mimi silipendi sana neno hilo, kwa sababu linakufanya udhani sauti ya dereva inazuiwa njiani. Haizuiwi. Inaingia sikioni yote. Kinachobadilika ni hali ya nyuzi inazozikuta. Mashine ya kusaga haina mlio mmoja. Nyundo za chuma zinagonga punje, mkanda unavuma, injini inatetema, na unga unasukumwa kwenye chujio, kwa hiyo inatoa sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, na kila kipande cha utando wa koklea kinatikiswa mfululizo. Uzi wa neva hauna njia ya kujua kwamba mtikisiko huu ni wa mashine na ule ni wa mtu. Unaupigia wote.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni za kuelezea tu. Uzi mmoja katika ukimya unapiga mara 60 kwa sekunde, na ukijaa kabisa unapiga mara 250. Kati ya sakafu na dari kuna nafasi ya mipigo 190, na neno la dereva linaandikwa ndani ya nafasi hiyo. Mashine ikiwaka, uzi unapanda hadi mipigo 160 kwa sababu ya mashine peke yake. Sakafu imeinuka. Na dari nayo imeshuka, labda hadi 200. Dereva anapotamka neno, uzi una mipigo 40 ya kumwelezea. Neno limefika, lakini limeandikwa kwa wino uliofifia, na ubongo ulio upande wa pili ndio unaopaswa kulisoma.

Kuinuka kwa sakafu ni rahisi kuelewa. Kushuka kwa dari kunahitaji maelezo, na hapo nakuomba ufikirie birika lako. Seli ya ndani huusemesha uzi wa neva kwa kumwaga vifuko vidogo sana vya kemikali iitwayo glutamati, pale zinapogusana, mahali tunapopaita sinapsi. Vifuko vilivyo tayari mlangoni ni vichache, na vikitumika huchukua muda kujazwa vingine. Sauti ikianza ghafla baada ya ukimya, seli humwaga kwa wingi na uzi hupiga kwa nguvu, halafu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kasi hupungua ingawa sauti ni ileile. Kelele ya mfululizo inakuwa kama wapita njia wanaokinga vikombe kwenye birika lako mchana kutwa bila kununua kitu. Mteja wa kweli anapofika, birika halijakauka, lakini hapati kikombe kilichojaa.

Neva nayo hujitetea kiasi. Mwaka 1984 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwa paka kwamba kelele ya mfululizo ikiwepo, nyuzi huhamisha eneo lao la kazi na kulisogeza juu, ili sauti zilizo kubwa kuliko kelele bado ziweze kutofautishwa. Ni kama jicho linavyozoea mwanga ukitoka ndani. Huo ndio msaada unaokuwezesha kufanya biashara mahali hapo. Gharama yake ni kwamba kila kilicho kidogo kuliko kelele kinaachwa.

Na ndani ya neno "sita", vilivyo vidogo ni vipi?

Tamka polepole: si-ta. Halafu: ti-sa. Irabu ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule, na mkazo uko mahali palepale. Konsonanti nazo ni zilezile, s na t, ila zimebadilishana viti. Kinachotenganisha elfu sita na elfu tisa ni nani ametangulia kati ya s na t. Irabu ni kubwa na nzito, zinatoka kooni na kujaza mdomo. S ni upepo mwembamba kati ya ulimi na ufizi, na nguvu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. T ni ndogo zaidi: kimya kifupi sana ulimi unapoziba hewa, halafu mlipuko mdogo unapoachia. Katika ukimya neva huipenda sana t. Kile kimya kifupi kinaipa sinapsi nafasi ya kujijaza, na mlipuko unaifyatua neva kwa nguvu. Mashine ikiwa inavuma, kimya hicho hakipo tena. Kimejazwa mvumo. Sinapsi haikupumzika, mlipuko unapita bila kishindo, na kwenye neva kunabaki kitu kama "i… a". Ubongo unakisia sita au tisa, na safari hii umekisia vibaya mbele ya watu.

Dereva naye kwa kupaza sauti hakusaidii kama anavyodhani. Mtu akipiga kelele, irabu ndizo zinazokua zaidi. S na t hazikui kwa kiwango hicho. Anakuongezea kile ulichokuwa nacho tayari.

Malori ni sura nyingine, na ningependa uielewe kwa kuwa wengi huilaumu mashine peke yake. Muungurumo wa lori lililosimama huku injini inawaka ni sauti nzito, mbali kabisa na s. Mtu angetegemea kila moja ikae kwenye kipande chake cha utando bila kugusana na nyingine. Muungurumo ukiwa mdogo ndivyo inavyokuwa. Ukiwa mkubwa, mambo hugeuka, kwa sababu wimbi la sauti nzito lazima lipite mlangoni pa koklea, nyumbani kwa sauti nyembamba, kabla ya kufika kwake kule mwisho. Likipita kwa nguvu linazinyima seli za nje uwezo wa kuikuza sauti nyembamba. Nyuzi za pale mlangoni huenda hata hazilipigii lori lenyewe, lakini zinapunguza mipigo zinayoipa s. Bertrand Delgutte alizipima njia hizi mbili katika neva ya paka mwaka 1990, ile ya nyuzi kushughulishwa na ile ya nyuzi kukandamizwa, na akakuta kwamba pale kelele inapokuwa nzito kuliko sauti inayotafutwa, kukandamizwa kuna sehemu kubwa. Kinyume chake hakitokei kwa nguvu hiyo: sauti nyembamba haiielemei nzito kwa kiasi hicho. Kwa hiyo foleni ya malori inakula s na t na kukuachia irabu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu nyuzi, nalo ni zuri sana. Mbali na idadi ya mipigo, wakati wa mpigo nao ni ujumbe. Kwa sauti nzito na za kati, mpaka kama mitetemo 4,000 au 5,000 kwa sekunde kwa paka, nyuzi hupiga zikifuata mtetemo wenyewe. Uzi mmoja hauwezi kupiga kila mtetemo, hauna kasi hiyo, lakini kila unapopiga unaangukia mahali palepale pa wimbi, na nyuzi nyingi kwa pamoja hukamilisha mdundo. Ni kama kundi la watu wanaopiga makofi kwenye ngoma: hakuna anayepiga kila pigo, lakini hakuna anayepiga nje ya mdundo. Mwaka 1979 Murray Sachs na Eric Young walionyesha kwamba irabu ikiwa kubwa, hesabu ya mipigo hupoteza umbo lake kwa kuwa nyuzi zimejaa, ilhali mdundo unaendelea kulihifadhi. Ndiyo maana i na a zinakufikia salama katikati ya makelele yote hayo. S iko juu ya mpaka huo, haina mdundo wa kuiokoa. Inategemea hesabu ya mipigo tu, na hesabu ndiyo iliyoharibiwa.

Mwili haujakaa tu. Nyuma ya kiwambo kuna msuli mdogo mno ulioshika kikuku. Sauti kubwa ikiingia unakaza na kupunguza sauti nzito zinazopita, jambo linaloipa s nafuu. Na kuna nyuzi zinazokwenda kinyume, kutoka shina la ubongo kurudi kwenye koklea. Grant Rasmussen alizieleza mwaka 1946, na mwaka 1956 Robert Galambos alionyesha kwamba zikichochewa kwa umeme, neva ya kusikia inatulia. Kwa miaka watu walijiuliza kwa nini ubongo uutulize mfereji wake wenyewe. Majaribio ya baadaye, yaliyoweka kelele pamoja na mlio, yalitoa jibu linalonifurahisha kila ninapolifundisha: nyuzi hizo huziambia seli za nje zipunguze ukuzaji, kelele ya mfululizo inapata mipigo michache, sinapsi zinapumua, na sauti fupi inayotokea ghafla inajitokeza zaidi kuliko mwanzo. Kwa kupunguza, sikio linasikia vizuri zaidi. Likumbuke hilo, tutalihitaji tukifika kwenye kuziba masikio.

Uliuliza sikioni au kichwani. Sehemu iko kichwani, na si jambo la kuonea haya. Ukipewa "i… a", ubongo hutumia kila unachokijua kujaza pengo: bei ya kawaida, uso wa mteja, maneno yaliyotangulia. Mtu anayesikiliza lugha aliyoikuta ukubwani hujaza mapengo kwa shida zaidi kuliko aliyezaliwa nayo, hata kama katika ukimya wote wawili wanaelewa sawasawa. Dereva wa kutoka Mombasa anayekimbiza Kiswahili chake anakupa kazi ambayo mteja wa Kiteso hakupi. Jipime siku moja: mteja akisema kwa Kiteso katika kelele ileile, je, maneno yanashikika zaidi? Kama ndiyo, sehemu ya mzigo ni ya lugha, na uchovu unaoondoka nao jioni ni uchovu wa kukisia kutwa nzima. Lakini ubongo unakisia kwa sababu neva imeleta maandishi yaliyofifia. Mwanzo wa yote ni huko.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi, la miaka.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Mara moja usikivu ulishuka, na baada ya siku na wiki ukarudi kama zamani. Seli zenye vinyweleo zilikuwa zote mahali pake. Kwa vipimo vya kawaida panya hao walikuwa wazima. Lakini walipozihesabu sinapsi kati ya seli za ndani na neva, katika sehemu ya sauti nyembamba hadi karibu nusu zilikuwa zimetoweka, na hazikurudi. Mwaka 2013 kikundi hichohicho kilionyesha kwa simbilisi kwamba nyuzi zinazopotea zaidi ni zile ngumu, zile za kusikilizia ndani ya makelele. Unaona hiyo inaelekea wapi: mnyama anayesikia panya darini na kupita kipimo cha hospitali, lakini aliyepoteza nyuzi za sokoni. Kwa binadamu wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani jambo hili linaeleza malalamiko kama yako, kwani hatuwezi kuzihesabu sinapsi za mtu aliye hai. Siwezi kukuambia kwamba ndilo lililokupata. Naweza kukuambia kwamba kelele yako ni ya kiwango cha kuogopwa, na kwamba kujua mapema kuna faida.

Kipimo rahisi cha kiwango hicho hakihitaji chombo. Kama inakubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, basi huenda kelele imefika au imepita desibeli 85. Katika afya ya kazini, wengi hutumia desibeli 85 kwa saa nane kama kikomo cha siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Wewe uko hapo tangu alfajiri.

Rudi hospitali ya rufaa yenye idara ya masikio, pua na koo, na useme maneno haya: nataka nipimwe kuelewa maneno ndani ya kelele. Si kila mahali wana kipimo hicho, lakini ukikitaja utasikilizwa tofauti. Waambie pia kama masikio yanalia, kama sikio moja ni baya kuliko jingine, kama linatoa usaha, na kama umewahi kutumia kwinini kwa muda au kuchomwa streptomaisini au jentamaisini, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuligusa sikio la ndani.

Kibandani, badilisha mahali mteja anaposimama. Kwa sasa, kama nimekuelewa, wateja wako mbele na malori yako nyuma yao, kwa hiyo sauti ya mtu na ya injini zinakujia kutoka upande mmoja. Ukiigeuza meza ili malori yawe upande wa sikio moja na mteja upande wa jingine, kichwa chako chenyewe kinakuwa ukuta, hasa kwa sauti nyembamba kama s, na ubongo unapata sikio moja lenye nafuu. Mashine ya kusaga isogezwe mbali kadiri mwenye kiwanja atakavyokubali: mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili kelele hupungua kama desibeli 6. Kuhusu bei, usitegemee kuangalia mdomo. S na t zote hufanywa nyuma ya meno na midomo haionyeshi tofauti. Omba vidole. Au rudia kwa maneno yasiyofanana: "Tano na moja?"

Na mwisho, kuziba masikio. Pamba unayoichomoa kwenye mfuko wa duka la dawa inazuia kidogo sana, usiitegemee. Vizibo vya sponji vinavyouzwa kwa mafundi, vikiingizwa vizuri, hupunguza sana. Hofu yako kwamba utakuwa kiziwi mbele ya wateja inaeleweka, lakini kwa mtu ambaye kipimo chake ni sawa kama chako, ndani ya kelele kubwa mambo huenda kinyume. Kizibo kinapunguza dereva na mashine kwa pamoja, kwa hiyo uwiano wao unabaki uleule, lakini nyuzi zilizokuwa zimejaa zinashuka na kupata nafasi, na muungurumo wa malori unapoteza ile nguvu ya kuikandamiza s. Wengi huelewa maneno sawa na awali, au hata zaidi kidogo. Kelele ikipungua, mashine ikizimwa, vitoe, maana katika utulivu vitakunyima maneno. Jambo la kuangalia ni sauti yako mwenyewe: ukiwa umeziba, utajisikia kichwani kama unapiga kelele na utaanza kuongea chini bila kujua. Kama una mtu anayekusaidia, mwambie akuguse mkono ukianza kunong'ona.

Osha mikono unga utoke. Vingirisha kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, halafu kishikilie kwa kidole ukihesabu hadi thelathini wakati kinatanuka. Ukikiachia mapema kitajisukuma nje, na utakuwa umevaa pambo tu.